Mgongo wa Koti la Velden

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde kumi na moja tu. Modo anatokea gizani amevaa koti refu, rangi ya damu ya mzee, kola pana imelala mabegani, vifungo viwili basi. Anakuja, anakuja, anaikaribia kamera mpaka unaona nyuzi za sufu, anaanza kugeuka... imekatika. Inarudi mwanzo. Jeanne aliirudia mpaka simu ikamchoma kiganja, na kila msichana alipoanza kugeuka, yeye naye alikuwa akiinamisha shingo pembeni, eti labda safari hii ataona nyuma. Wapi!

"Ya Jeanne, utavunjika shingo," Clémentine, msusi, alimwambia kwa ile heshima ya dada mkubwa, bila kuacha kusuka. Chumba chao cha kazi pale Malvern, Joburg, walikuwa wakigawana. Upande wa dirisha cherehani ya Jeanne, upande wa ukuta kioo na viti viwili vya Clémentine, na katikati mpaka ambao hakuna aliyeuchora lakini kila mtu aliujua, maana nywele zikivuka zikaingia kwenye nguo za watu, siku hiyo ni vita.

"Kuna kitu wanaficha," Jeanne alisema. "Mtu hakati video pale kama nyuma hakuna kitu."

"Ao nyuma hakuna kitu, njo maana wanakata."

Hilo nalo. Jeanne akarudisha video mwanzo.

Mambo yalianza Jumapili, baada ya ibada. Mama Bosibori, Mkenya, kiongozi wa kwaya yao, mwanamke ambaye katikati ya wiki anafanya kazi benki na Jumapili anaendesha waimbaji kama wafungwa, aliwaita mafundi wawili wa kanisa mbele. Jeanne na Pitchou. Akawaonyesha ile video kwenye simu yake. Velden ni lile duka ambalo kila mall ya Joburg lipo, nguo za watu wa mshahara, si za matajiri, na hii ilikuwa tangazo la onyesho lao la nguo za baridi.

"Pasaka mwaka huu ibada ni alfajiri, na mnajua baridi ya hapa," alisema. "Kwaya yangu ina wanawake kumi na wawili. Nataka waingie na hili koti. Sisemi linalofanana, nasema hili. Mbele na nyuma."

"Nyuma hawajaonyesha, Mama," Pitchou alisema.

"Si mtafute? Kwani nyinyi ni mafundi au ni watazamaji? Sisi tunaingia kutokea mlangoni tukicheza. Tukishampita mtu, kinachobaki kwake ni mgongo. Nawapa wiki mbili. Atakayeniletea koti lililo sawasawa na lile lililopita kwenye onyesho, huyo ndiye atatuvisha. Mwingine asimnunie mtu."

Sasa, kuvisha kwaya si mchezo. Kwaya ikipendeza, kanisa zima linakuja kwako, na makanisa ya jirani yanauliza. Pitchou ndiye aliyekuwa ameivisha miaka minne mfululizo. Jeanne, tangu aje kutoka Bukavu, kazi yake ilikuwa kufupisha sketi na kubadilisha zipu. Zipu! Mwanamke aliyejifunza kwa Baba François, fundi wa majoho ya kwaya ambaye watu walikuwa wakivuka ziwa kumfuata. Alitaka kwaya ile kama mtu anavyotaka kuitwa jina lake.

Pitchou duka lake lilikuwa ng'ambo ya Jules Street, mlango ukitazamana na mlango. Mtu wa Lubumbashi, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyanya.

"Ma Jeanne!" alipiga kelele magari yaliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani. "Umeisha ona mgongo?"

"Nitauona! Weye je?"

"Mimi sihitaji kuona. Mimi minasikiaka nguo!"

"Isikie vizuri basi, isikudanganye tena kama ile suruali ya pasteur!"

Ile suruali ilipasuka wakati wa maombi, mchungaji amepiga magoti. Mpaka madereva wa teksi walicheka, na hawakujua hata Kiswahili.

Lakini Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, mgongo hakuna. Jumatano ndiyo Clémentine akatoa habari, tena kama mtu anayetaja bei ya mafuta ya nywele.

"Kesho sitakuwepo. Hao watu wa Velden wamechukua wasusi sita wa kusuka mamodo yao kwa onyesho."

Jeanne aliacha mguu juu ya pedali. "Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki jana."

"Na umenitazama tu nikivunjika shingo?"

"Nilikuwa nangoja uniombe vizuri."

Akaombwa vizuri. Akapikiwa na sombe, kile kisamvu cha kwao.

Alhamisi mchana Jeanne akaingia kwenye ghala moja la zamani mjini, si mbali na Joubert Park, kitana kimechomekwa nyweleni, mkoba wa rasta begani, kama msaidizi wa msusi. Kusuka kwenyewe hajui. Nywele zake mwenyewe anasukwa. Clémentine alimpa kazi ya kushika rasta na kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa, na kwa kazi hiyo Jeanne alijitahidi sana.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa kama jikoni la harusi. Wasichana warefu wamekaa wamejifunika vitambaa vya saluni, watu wanakimbia na viatu, mtu mmoja anapiga pasi hewani kwa mvuke, na katikati yupo dada mmoja anayeitwa Refilwe, makaratasi mkononi, kifaa sikioni, ndiye bosi. Jeanne macho yalikuwa kwenye reli za nguo. Suruali ziko, masweta yako, mabuti yamepangwa. Koti la damu ya mzee halipo hata moja.

"Makoti yako wapi?" alimnong'oneza Clémentine.

"Nitajuaje? Shika rasta."

Makoti yalifika imebaki saa moja, manane, yamefungwa plastiki, yanatoka kiwandani moja kwa moja. Lile la kwenye video lilikuwa la kupigia picha tu, na lilishaenda kwingine. Refilwe alichana plastiki ya kwanza, na Jeanne akasogea. Akasogea tena. Rasta zikamtoka mkononi hakuona.

Nyuma palikuwa pamenyamaza. Mshono mmoja katikati, kutoka shingoni mpaka chini, kama mlango uliofungwa. Hakuna mkanda, hakuna mpasuko, hakuna kifungo. Ndiyo hiki? Siku zote zile, shingo imemuuma, kwa ajili ya hiki?

Alikuwa bado anakishangaa pale msichana wa kwanza alipovaa, na ghala zima likasema eish. Koti lilimmeza. Kiwanda kilileta saizi kubwa, yote manane, na wale wasichana walivyo, unaweza kuweka wawili ndani na bado ukapata nafasi ya mtoto. Refilwe akashika kichwa. Akaita fundi wao. Fundi wao yuko kwenye foleni ya magari, na hata angekuwepo, umeme ulikuwa umekatwa, ile zamu ya mtaa, jenereta inabeba taa za jukwaani na muziki tu. Cherehani yao imekaa pale kama sanamu.

"Huyu ni fundi," Clémentine alisema.

Watu wakageuka. Jeanne akatamani kuingia kwenye mkoba wa rasta.

"Huyu?" Refilwe alisema. "Si wa nywele huyu?"

"Wa nywele ni mimi. Huyu hata kusuka hajui, si mnaona rasta zote ziko chini?"

Refilwe hakuwa na muda wa kuuliza zaidi. Akamtia Jeanne kopo la pini mkononi, akaongea polepole ili Kiingereza kifike: kusanya nguo nyuma, bana kwa pini, usikate, haya makoti ni ya kampuni. Akaondoka mbio.

Jeanne akabana koti la kwanza. Msichana akanyanyua mkono kidogo tu, kurekebisha hereni, akasema aah, pini imemchoma. Na mgongo wenyewe ulivyokaa! Umefungamana pale katikati kama mkia wa kuku aliyenyeshewa. Jeanne akautazama, na mwili ukakataa kabisa. Unajua mtu akiona picha imetundikwa upande, mkono unakwenda wenyewe? Ndivyo.

Kwa Baba François, joho la kwaya halibanwi. Linakunjwa. Mikunjo mitatu chini ya shingo, na unapokunja unahesabu: Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Wa katikati unakaa juu ya mfupa wa shingo, ya kando miwili inauelekea, halafu unafunga kila mmoja kwa mshono mdogo kama punje ya mchele. Kuanzia hapo kitambaa kinashuka chenyewe, na mwimbaji akiinua mikono, mikunjo inafunguka, akishusha, inalala. Nguo inabaki kubwa lakini hakuna anayejua.

"Clémentine. Nitungie uzi."

"Amesema pini."

"Nitungie uzi, mdogo wangu. Mrefu."

Msusi akawa msaidizi wa fundi. Sindano zikawa zinakuja zimetungwa, Jeanne anakunja, midomo inacheza kimyakimya, anafunga, anageukia mgongo mwingine. Hakuwaona wasichana nyuso. Aliona migongo tu, minane, mmoja baada ya mwingine, dakika tano kila mmoja. Alikuwa kwenye wa nane pale viatu vya Refilwe viliposimama nyuma yake.

"Nilisema pini."

Jeanne Kiingereza chake ni cha zipu na sketi. Alikitafuta, hakukipata. Akashika uzi kwenye mkunjo mmoja akauvuta kidogo, kuonyesha kwamba ukivuta unatoka, koti halijaguswa. Refilwe akazunguka. Akarudi. Akamwambia msichana ageuke, atembee, arudi. Muziki ulishaanza kule mbele, unapiga mpaka sakafu inatetemeka.

"Nendeni," Refilwe alisema. "Nendeni, nendeni!"

Wakaenda. Jeanne akasimama kwenye ufa wa pazia, na kutoka pale kitu pekee unachoona ni kile ambacho video haikuonyesha: koti moja, jingine, jingine, yanaingia kwenye mwanga yakimpa mgongo, na ile mikunjo inapumua kila hatua. Aliinua kidole akawa anayahesabu. Alihesabu mara tatu, kama mtu asiyeamini kuku wake wote wamerudi.

Onyesho halikuchukua hata dakika ishirini. Yaliporudi, vijana wawili wenye mikasi midogo wakapita wakikata nyuzi zake, chak, chak, makoti yakarudi kuwa makubwa, yakarudi kwenye plastiki. Mlango ukafungwa tena. Refilwe alimpita akimshukuru, akasimama.

"Huo mgongo umeutoa wapi?"

"Kanisani," Jeanne alisema.

Refilwe akacheka kama aliyeambiwa kichekesho, kifaa kikalia sikioni, akapotea.

Sasa hapo ndipo Jeanne alipoanza kukosa usingizi. Ameenda kuuona mgongo, akauona. Lakini ni upi? Ule uliotoka kiwandani hakuna mtu jukwaani aliyeuona. Ule uliopita jukwaani haupo tena popote duniani. Ijumaa Velden wakaweka video ndefu, yeye na Clémentine wakaitazama mashavu yakigusana, na kila modo akianza kugeuka kamera inarukia kwa anayefuata.

"Hawa watu wana ugomvi na migongo," Clémentine alisema. "Sasa utashona upi?"

"Mama Bosibori alisema lililopita kwenye onyesho."

"Basi shona wako, useme njo wa Velden. Hata si bongo, si uongo. Ulipita."

Jeanne alikata kitambaa, akaunganisha mbele, akaweka kola, vifungo viwili. Alipofika nyuma alijaribu kweli kushona mshono mmoja wa katikati. Aliushona. Akaufumua. Akaushona tena, akatundika koti, akakaa analitazama akila ndizi. Mwishowe akaenda dukani kuongeza kitambaa.

Jumapili ya hukumu, baada ya ibada, watu hawakutoka. Kanisa lao ni ghorofa ya kwanza juu ya duka la matairi, na siku hiyo harufu ya mpira ilikuwepo na joto la watu pia. Mama Bosibori aliwasimamisha waimbaji wawili mbele. Mama Sagesse, mwanamke wa mwili wake, akavaa koti la Pitchou. Mamie, mwembamba, akavaa la Jeanne.

Mbele, mapacha. Watu wakapiga makofi.

"Geukeni," alisema Mama Bosibori.

Wakageuka, na makofi yakaisha. Mama Sagesse mshono mmoja. Mamie mikunjo mitatu.

"Hii sasa ni nini? Mmoja wenu ananichezea."

Pitchou simu ilikuwa tayari mkononi. "Jumamosi yalifika dukani, Mama. Niliingia mwenyewe, upande wa wanawake, nikalivaa mbele ya kioo. Walinifukuza, lakini picha nilishapiga. Tazama. Mshono mmoja." Akamgeukia Jeanne, meno yote nje. "Ma Jeanne mgongo aliuota."

Jumba likacheka. Clémentine pale mlangoni akafungua mdomo, Jeanne akamkata kwa jicho.

"Jukwaani halikupita hivyo," Jeanne alisema. "Nilikuwepo. Nililiona kwa haya macho. Lilipita na mikunjo mitatu, kama hili."

Kila neno kweli tupu. Mama Bosibori akamtazama kwa jicho la benki, lile la kukagua sahihi.

"Kwa hivyo Velden walitengeneza migongo miwili?"

Ilibaki kusema ndiyo. Nani angejua? Nyuzi zilishakatwa. Kwaya ilikuwa pale pale, mkononi, kumi na wawili. Lakini ukisema ndiyo, ule mgongo unakuwa wa Velden milele, na wewe unarudi kuwa mtu wa kuiga vizuri.

"Hapana," Jeanne alisema. "Walitengeneza mmoja. Huu ni wangu. Makoti yalikuwa makubwa, wakaniambia nibane, mimi nikakunja."

"Wewe?"

"Mimi."

"Uliwakunjia Velden?" Pitchou akapiga paja. "Na mimi niliwakatia suruali wale wachezaji wa Real Madrid!"

"Msimcheke, nilikuwepo!" Clémentine akapasuka. "Mimi ndiye nilitunga uzi!"

Mama Bosibori akainua mkono. "Jeanne, nakuamini, mtu hawezi kujitungia uongo wa kumshindisha mwenzake. Lakini mimi niliomba la Velden. Hili si la Velden."

"Si la Velden, Mama."

"Basi Pitchou ameshinda. Neno langu ni neno langu."

Jeanne akaitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta mkoba wake. Alishangaa kwamba hakulia. Nyuma yake Mama Bosibori alikuwa ameshageukia kazi: "Haya, Sagesse, Mamie, tuone mnavyoingia. Wimbo wa kuingilia, mikono juu."

Wakaenda mpaka mlangoni, wakaanza kuja wakicheza. Mikono ilipopanda, koti la Mama Sagesse lote lilipanda naye kama pazia, mpaka watu wakaona sketi, mpaka soksi, na pale begani kitu kikalia krrk. Akashusha mikono akajaribu tena nusu, kama mtu aliyeambiwa na polisi mikono juu. Pembeni yake Mamie mikono iko juu kabisa, na nyuma mikunjo imefunguka, inafunga, inafunguka. Waimbaji wengine kumi wakaanza kunong'ona, na unajua minong'ono ya kwaya, huwa ina sauti nne.

"Neno langu ni neno langu," Mama Bosibori alirudia, lakini safari hii alikuwa akiwaambia wao, na hakuwatazama machoni.

Pitchou alikuwa amechuchumaa nyuma ya Mamie, suruali yake ya kukatia nyanya inapata vumbi, amekunja uso, kidole kinapanda na kushuka kwenye mkunjo.

"Msinitekenye," alisema Mamie.

"Tulia." Akaupindua ukingo, akachungulia ndani. "Ma Jeanne. Kitambaa hiki cha ziada umekificha wapi?"

"Umeshinda. Unataka nini tena?"

"Minauliza tu."

Akasimama, akajipangusa magoti. "Mama Bosibori. Neno ulinipa mimi, si ndiyo? Basi ni langu, minaweza kulifanya ninavyotaka. Mbele na kola nitakata mimi. Migongo yote kumi na miwili, yeye. Mimi huu mgongo siujui, na sitaki Sagesse apasuke Pasaka, tayari nina pasteur kwenye roho."

Hapo hata pasteur alicheka. Mama Bosibori akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu wimbo uanze. "Mkigombana mkiwa katikati, nitawavisha wote wawili magunia."

"Na kwa nini kola wewe?" Jeanne alishauliza. "Kola yangu ina nini?"

"Kola yako, unisamehe, imelala kama mlevi."

"Kola yangu?"

"Iguse. Halafu uguse yangu."

Jeanne hakutaka. Aligusa. Ya Mamie, halafu ya Mama Sagesse. Akarudia ya Mamie. Ile ya Pitchou ilikuwa imesimama kidogo pale shingoni kabla ya kulala, kama kitu chenye mfupa, lakini ukibonyeza ni laini, hakuna karatasi, hakuna plastiki. Hata ya Velden haikuwa hivyo, na ya Velden aliishika kwa mikono yake.

"Umeweka nini humu ndani?"

Pitchou akaangalia kushoto na kulia, kama mtu anayetaka kutaja siri ya ndoa. Akamvuta Mama Sagesse karibu na dirisha, kwenye mwanga, na kwa ukucha wa kidole kidogo akaanza kuifumua kola aliyoishona mwenyewe.